Sikuacha, Niliachishwa

Siku tuliyomrudisha mdogo wangu kutoka hospitali akiwa na mguu mmoja, uani kwetu walikuwepo hawa: mimi, yeye mwenyewe, kwenye kiti cha plastiki, magongo yamelazwa chini, shangazi yetu, dada wa marehemu baba, na kiko chake, fundi seremala jirani yetu, ambaye ndiye aliyeyachonga yale magongo, mwenyekiti wa kitongoji, na mdogo wetu wa mwisho, wa kike, aliyekuja kwa basi kutoka Biharamulo alikoolewa. Majina siandiki, wenyewe watajijua. Nawataja kwa sababu baadaye nilipowauliza ni nani alimpa sigara siku ile, mmoja aliniambia hakuwepo, mwingine hakumbuki, mwingine akanuna. Mimi nakumbuka. Walimpa wote.

Huku kwetu Ngara mtu hampi mgonjwa pole mikono mitupu. Mwanamke ataletewa sukari na sabuni. Mwanaume, hasa anayejulikana kuwa mvutaji, ataletewa sigara, na asiyeweza kutembea ataletewa nyingi zaidi, maana watu hujiuliza: maskini, dukani atafikaje? Mwenyekiti aliweka pakiti nzima juu ya paja lililobaki, akaipigapiga kama mtu anayegonga muhuri. Fundi alitoa mbili, moja mfukoni na moja nyuma ya sikio. Shangazi alifungua fundo la kanga akamkatia itabi, tumbaku yake ya majani aliyoisokota mwenyewe. Mdogo wetu alileta maandazi, na chini ya maandazi pakiti mbili. "Najua kaka anavyozipenda," alisema.

Nami nilikwenda jikoni nikarudi na kaa la moto kwenye koleo. Nikamwashia.

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, na ndiyo maana siwezi kuwatupia wengine yote. Wao hawakuwa wameambiwa. Mimi nilikuwa nimeambiwa. Siku mbili kabla, daktari alinisimamisha mlangoni mwa wodi akanieleza taratibu, kwa lugha ninayoielewa. Moshi ndio uliobana mishipa ya damu mpaka vidole vikawa vyeusi, kisha mguu ukafa. Mguu wa pili nao umeanza, angalia kile kidonda cha kidole. Akiacha sigara, mguu unaweza kupona. Asipoacha, atarudi hapa nao tutaukata.

Nilimwitikia. Halafu wageni walipokuja niliona haya kusema, "Jamani, msimpe." Nikaleta moto.

Mdogo wangu alijifunzia kuvuta huko huko Biharamulo, kwenye mashamba ya tumbaku. Baba alitangulia, mama akafuata kabla mwaka haujaisha, tukabaki watatu. Mimi nilikuwa kidato cha kwanza. Yeye alipopata nguvu za kushika jembe alikwenda kufanya vibarua kwa wenye mashamba, na wengine pesa zikiwaishia walimlipa majani. Majani yenyewe utayafanyia nini? Aliyavuta. Alirudi nyumbani akiwa mtu mzima mwenye kikohozi, na karatasi za kusokotea zilipokosekana alichana daftari langu la Jiografia. Milima ya Afrika yote aliivuta, mmoja baada ya mwingine.

Kuhusu shule yangu, watu husema niliacha. Karani mmoja wa kijiji aliwahi kuandika hivyo kwenye fomu, "aliacha kidato cha kwanza", nikamwambia afute. Sikuacha, niliachishwa. Anayeacha ni yule aliyekuwa na uwezo wa kubaki. Mimi nilikuwa na wadogo wawili na debe la mahindi. Nimelisema neno hilo mara nyingi mpaka ndugu zangu wakawa wananicheka. Nikianza tu, mdogo wangu hudakia: "Haya, mwalimu wa Kiswahili kaingia darasani, simameni."

Baada ya wiki mbili tulirudi kliniki. Chumba cha ushauri kilikuwa juu ya ngazi tano. Nilimbeba mgongoni, magongo yananigonga visigino. Ndani alikuwepo muuguzi kijana, mpole, sina ubaya naye. Alichukua karatasi iliyochapwa akaanza kusoma, kidole kikifuata mistari.

"Hamu ya sigara ikikujia, haidumu. Ni dakika chache tu. Kwa hiyo, moja: inuka, tembea kidogo."

Mdogo wangu alimtazama. "Nitembee na nini, daktari?"

Kijana aliona aibu. "Aa, samahani, kaka. Basi hiyo iruke, twende inayofuata."

"Kutembea siwezi, kuruka ndiyo nitaweza?"

Alicheka yeye, akacheka muuguzi. Mimi sikucheka. Niliangalia ile karatasi na ule mstari wa kwanza nikawaza: huyu aliyeandika, alidhani wanaoumwa miguu kwa ajili ya sigara wanafika hapa kwa kucheza ngoma? Mstari wa pili ulisema kunywa maji mengi. Wa tatu ulisema badilisha mazingira, toka nje, tembelea marafiki. Tuliiacha karatasi mezani, nikambeba tena, tukashuka.

Njiani kurudi, kwenye pikipiki, tumekaa mshikaki, mimi nyuma na yeye katikati, niliamua. Nilijiona nimeamua kwa busara kubwa. Niliwaza hivi: huyu hana miguu ya kumfikisha dukani. Miguu ni mimi. Miguu ikikataa, sigara zitatoka wapi? Ni rahisi kuliko karatasi yao.

Tulipofika nilikusanya pakiti zote, pamoja na itabi la shangazi, nikazitupa chooni. Nikaenda kwa mwenye duka nikamwambia, "Ukimuuzia mtu sigara ya kumpelekea ndugu yangu, tutakosana." Nikapita kwa fundi, nikapita kwa mwenyekiti. Mtu pekee ambaye sikumwambia neno ni mdogo wangu.

Alijua kesho yake asubuhi alipopapasa chini ya mto.

"Dada, zangu ziko wapi?"

"Hakuna tena."

"Nani kasema?"

"Mimi."

Siku ya pili alinitukana. Siku ya tatu jasho lilimtoka huku kuna baridi, akatetemeka, akawa hali. Siku ya tano alinyamaza, na mimi nikadhani kunyamaza ndiko kupona. Nilijisifu kwa mdogo wetu kwenye simu. "Mbona amekwisha kuacha," nilisema, "ilitaka moyo tu."

Siku ya nane nilikuwa napalilia maharage ng'ambo ya kijito, mvua ikaanza. Nilirudi mbio kuanua nguo, nikakuta kiti kitupu. Magongo yalikuwepo, maana kwenye tope hayasaidii kitu. Niliufuata mburuzo kama mtu anayefuata njia ya gunia la kahawa lililovutwa: kutoka uani, kupita migombani, mpaka barabarani ambako waendesha bodaboda huegesha wakisubiri abiria. Alikuwa amekaa kwenye matope, mgongo kwenye gurudumu la pikipiki ya mtu, sigara mdomoni, mvua inamnyeshea na yeye ameikinga sigara kwa viganja viwili. Kile kidonda cha kidole kilikuwa kimefumuka, kimejaa udongo mwekundu.

"Amekuja mwenyewe, dada," mwenye pikipiki alijitetea. "Mtu kajiburuza hivi kwa ajili ya sigara, utamnyima?"

Nilisema maneno. Nitayaandika, kwa kuwa niliyasema. Nilimwambia mdogo wangu, mbele ya watu watatu nisiowajua: "Bora ungefia huko kwenye mashamba ya watu. Nisingekuwa na kazi hii."

Alivuta mara ya mwisho, akatupa kipisi. "Maliza hasira zako, dada," alisema, "halafu nibebe. Nasikia baridi."

Nyumbani nilichemsha maji ya chumvi nikamwosha mguu. Sikuweza kunyamaza.

"Siku nane tu! Umeshindwa kuacha hata siku kumi."

"Kuacha? Nani aliacha?"

"Si wewe?"

"Mimi sikuacha. Niliachishwa." Alilisema polepole, kama ninavyolisema mimi. "Si ndivyo ulivyonifundisha? Mtoto huachishwa ziwa, wanampaka mama pilipili. Mimi ni mtoto? Hukuniuliza hata mara moja, dada. Ulichukua."

Niliendelea kuosha. Ningempiga, nadhani, kama mguu ule usingekuwa mkononi mwangu. Kinachouma ni kwamba alikuwa na haki, na alikuwa ameitumia silaha yangu mwenyewe. Maisha yangu yote nimewachukia waliokaa kikao baada ya matanga wakakubaliana kwamba mimi nisirudi shule, na mimi nipo nje nachambua mchele, hakuna aliyetoka kuniuliza. Nami nilikuwa nimefanya kikao cha aina ile ile, peke yangu, juu ya pikipiki.

Nilipogeuka kumwaga maji nilikiona kikombe chake. Kila asubuhi nilimwachia jagi na kikombe kabla sijaenda shamba. Jagi lilikuwa limejaa, na kikombe nacho.

"Hata maji hunywi? Karatasi ilisema maji."

"Nikinywa nani atanipeleka?"

"Kukupeleka wapi?" nilimuuliza kijinga, kama siishi humo.

"Chooni, dada. Wewe uko shamba mpaka saa nane. Choo kiko kule bondeni, nyuma ya migomba, njia inateleza. Nikinywa kikombe kimoja tu, asubuhi nzima nimebana. Sigara hainipeleki chooni. Inaua njaa, inaua kiu, na mtu akipita anasimama tuwashiane, tunaongea. Ukiniondolea hiyo, nimebaki na nini? Na ukuta."

Njia ile ya chooni nimeipita tangu nikiwa na miaka mitatu. Nimeipita nikiwa na ndoo kichwani na mtoto mgongoni. Sikuwahi kuiona. Nimeishi na mtu asiyekunywa maji mchana kwa wiki nzima, nami namhesabia sigara.

Kesho yake nilianza kuchimba. Sikumwomba mtu. Nilipiga shimo jipya hatua kumi na tano kutoka mlangoni pake, nyuma ya jiko, na kila nilipoinua jembe nilikuwa na mtu wa kumpiga nalo: karatasi ile, ngazi zile tano, wenye mashamba wanaolipa majani, mwenyekiti na muhuri wake. Mwishoni nilikuwa najipiga mwenyewe. Siku ya tatu fundi alitokea uani.

"Jirani, mimi nilimpa mbili tu," alisema.

"Sikukuuliza."

"Najua hukuniuliza. Nasema tu." Aliondoka, akarudi na msumeno. Alitengeneza kiti cha mbao chenye tundu cha kuweka juu ya shimo, na bila kuambiwa akachimbia nguzo za mkaratusi kutoka mlangoni mpaka chooni, akapigilia fito juu yake, laini, alizozipiga randa ili zisimchome mtu viganja. Mdogo wangu alizishika, akajaribu gongo moja upande wa pili. Alikwenda. Alirudi. Akaniambia, "Lete hilo jagi."

Kuhusu sigara tulikubaliana kama watu wazima, na makubaliano yenyewe yalinichoma. Yeye ndiye atakayepanga. Zitakaa chini ya mto wake, sitazigusa. Akinituma dukani nitakwenda. Nilikwenda. Mwenye duka, niliyekuwa nimemtisha, alinipa sigara za kuhesabu huku anatabasamu, nami nilizibeba kama mtu aliyebeba nyoka kwenye karatasi. Wiki ya kwanza alinituma kila siku. Wiki ya pili alinituma siku moja moja. Hamu ikimshika nilimwona ameshika fito: anakwenda mpaka chooni, anagusa mlango, anarudi, anakunywa maji, anakwenda tena. Kuna siku alikwenda na kurudi mpaka viganja vikatoka malengelenge. Nilijizuia kusema lolote. Hiyo nayo ilikuwa kazi.

Akasema ataacha siku ya gulio la Mugoma. Asubuhi hiyo alivuta ya mwisho, akaniita nishuhudie, akafukia kipisi kwa ncha ya gongo.

Siku iliyofuata akaja shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, wanangu. Mgonjwa anaendeleaje?" Alikuwa ameshaketi, ameshafungua fundo. Alitoa kisu akaanza kukata itabi.

"Shangazi, usimpe," nilisema. Safari hii nilisema.

"Nisimpe? Mgonjwa hanyimwi, mama. Hata mfungwa anapelekewa sigala." Shangazi husema hivyo, sigala. "Mwacheni avute. Mtoto wa watu amebakiwa na nini?"

Neno hilo nimelisikia kwa kila aliyepita uani kwetu. Amebakiwa na nini. Wanalisema mbele yake, kwa huruma, kana kwamba walishamwimbia na kumzika. Damu ilinipanda.

"Amebakiwa na mguu mmoja, shangazi! Huo unaoutafuta na kisu chako!"

"Wee! Unanijibu mimi hivyo? Mimi niliyekufunga nepi?"

"Uliyenitoa shule!"

Sikujua kwamba lilikuwa linangoja pale mdomoni. Shangazi aliinua uso. Kisu kilisimama katikati ya jani. Katika kile kikao baada ya matanga, yeye ndiye aliyekuwa mkubwa.

Aliyeongea alikuwa mdogo wangu. Aliongea bila kupaza sauti.

"Shangazi, asante. Lakini mimi nimeacha."

Sijui kama shangazi alilisikia kama nilivyolisikia mimi. Nimeacha. Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Shangazi alilifunga jani kwenye kanga, taratibu, akalikaza fundo kwa meno.

"Haya," alisema. "Na mimi mzee nikitaka kuvuta kiko changu, nikavutie wapi?"

"Kule bondeni," mdogo wangu alimjibu. "Choo cha zamani kimebaki wazi. Utakaa peke yako kama malkia."

Shangazi alimtukana kwa Kihangaza, tusi refu la kupendeza, na akaenda kweli kuvutia huko. Lile la shule hakunijibu, wala sikumwomba radhi.

Nisidanganye kwamba yalikwisha hapo. Mwezi uliofuata, kwenye msiba wa jirani, walimkalisha na wanaume karibu na moto, sigara ikazungushwa, akavuta. Alinieleza mwenyewe kesho yake, nami niliuma ulimi wangu mpaka nikasikia chumvi. Alianza upya. Hajavuta tena, au kama amevuta hajaniambia, nami nimejifunza kutopapasa chini ya mto wa mtu.

Kidonda kilichukua muda mrefu. Kahawa ilikuwa inaanza kuiva tulipokwenda kwa daktari yule yule. Aliubonyeza mguu, akatafuta mapigo juu ya unyayo kwa vidole viwili, akaangalia kidole kilichokauka.

"Huu tunauacha," alisema.

Nililia palepale. Mdogo wangu alimuuliza daktari kama anaweza kupata nakala ya ile karatasi ya ushauri.

Ndipo alipoanza kunidai. Tulipofika nyumbani alisema, "Dada, ulinichukulia siku nane. Nakudai siku nane. Utanipeleka ninakotaka, na hutaniuliza kwa nini."

Ya kwanza alitaka kwenda gulioni Mugoma, akakaa mchana kutwa mbele ya wauza tumbaku, akawasalimia mmoja mmoja, hakununua kitu. Ya pili tulikwenda Biharamulo kwa basi, mpaka shamba alilofanyia kazi. Alikaa mlangoni mwa bani, lile banda la kukaushia majani, akainusa harufu, halafu akasema twende kwa mdogo wetu tukale. Huko kwa mdogo wetu tulipikiwa kuku, na hakuna aliyeleta pakiti. Ya tatu alitaka kliniki. Nilimbeba tena ngazi tano. Muuguzi alikuwa yule yule. Mdogo wangu aliifunua karatasi mezani, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Hapa pafutwe. Au ongeza: mwenye mguu mmoja awekewe fito, na choo kiwe karibu ndipo mumwambie anywe maji."

"Kaka, mimi sina mamlaka. Karatasi zinatoka juu."

"Juu wapi? Juu ya hizi ngazi?"

Kijana aliahidi kuwasilisha. Tulipopita huko mara nyingine kuchukua dawa, mstari ulikuwa palepale, umechapwa upya kwa wino mzito zaidi.

Zimebaki siku tano. Nikimuuliza ya nne itakuwa lini, anasema hana haraka, mdaiwa ndiye mwenye haraka. Nami niko tayari, nimewaambia ninaolima nao kwamba siku yoyote naweza kuitwa. Lakini yale maneno niliyomwambia barabarani kwenye mvua, mbele ya wale waendesha pikipiki, hayamo katika zile nane. Hajayadai. Kila ninapomwona ameshika fito, anakwenda na kurudi, nafungua mdomo, halafu namuuliza kama maji yameisha.